Samaki Wadogo wa Mkaguzi

Tangu mwanzo hadi karibu na mwisho, Mkaguzi alihesabu sawasawa. Inafaa jambo hili lijulikane mapema, kwa sababu watu waliompenda hawakulijua, na yote yaliyompata yalitokana na kutojua kwao.

Alikuwa amekagua hesabu za watu wengine maisha yake yote ya kazi, na hata baada ya kustaafu mtaa mzima uliendelea kumwita kwa kazi yake. Kiharusi kilimkuta akinyoa ndevu. Kilimwachia mguu mmoja, mkono mmoja na maneno machache: "ndiyo" kwa nadra, "hapana, bwana" mara nyingi, na namba. Namba zenyewe hakuweza kuzichomoa mojamoja. Ukimwuliza ana watoto wangapi, alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Lakini akianza na moja, namba zilifuatana zenyewe, na akifika kwenye ile aliyoitaka, alisimama. Moja, mbili. Hapo alinyamaza na kukutazama.

Mtaalamu wa usemi, mwanamke mpole, alieleza kwamba mfuatano wa namba huhifadhiwa mahali pengine kichwani, na kiharusi hakikufika huko. Namba zilijisema zenyewe. Alichokiamua Mkaguzi ni mahali pa kusimama. Kusimama ndiyo kauli pekee aliyobaki nayo.

Sebuleni, mkabala na kiti chake cha magurudumu, palikuwa na tangi la samaki alilolijenga mwenyewe mwaka aliostaafu. Lilikuwa refu kama kochi, na ndani yake mlikuwa na samaki wadogo wa aina moja, kila mmoja mdogo kuliko kidole cha mwisho cha mtoto, wenye mstari wa buluu ubavuni uliowaka hata mchana. Walikuwa ishirini na wanne. Mtaalamu alipoliona tangi alicheka.

"Dawa mnayo ndani ya nyumba, halafu mnahangaika na vitabu vya picha," alisema. "Mzee, tuanze na hawa. Wako wangapi?"

Mkaguzi aliinua kidole cha mkono mzima akawafuata samaki kwenye kioo, polepole, akirudi nyuma pale kundi lilipogeuka. Alisimama kwenye ishirini na nne. Binti yake, aliyekuwa amerudi kuishi pale ili amtunze, alitoka jikoni na kitambaa mkononi, akasimama mlangoni. Tangu siku hiyo kila zoezi lilianzia kwenye tangi.

Samaki mkubwa aliletwa na kaka yake binti. Huyu alikuwa mkandarasi wa majengo, mwenye sauti iliyozoea kushindana na mashine ya zege, na ndiye aliyebeba gharama za mtaalamu bila kunung'unika. Mteja wake mmoja alikuwa anahama ofisi na hakutaka kuhama na samaki. Kaka aliingia sebuleni amekumbatia ndoo.

"Shikamoo Mzee. Nimekuletea mwanamume mwenzio," alisema. "Hivi vidagaa utatazama mpaka lini? Hata mimi ningekosa la kusema."

Alikuwa kambare wa mapambo, mweusi mwenye madoa ya kijivu, bado mchanga.

"Kaka, huyo atawameza," binti alisema.

"Atawameza na nini? Hebu mwangalie mdomo. Hata tembe ya dawa haipiti hapo."

"Atakua."

"Wanakua kulingana na tangi. Muuzaji ndivyo alivyosema."

"Muuzaji anauza, Kaka."

"Na mimi nimebeba ndoo ngazi zote hizo. Nirudi nayo?"

Binti alikuwa fundi wa maabara katika hospitali. Hakupenda kubishana juu ya jambo linaloweza kupimwa. Alisoma alichokipata kuhusu kufuga samaki wadogo pamoja na wakubwa, na kanuni aliikuta ni fupi: samaki hula kinachoingia mdomoni mwake, hana kinyongo wala urafiki. Basi alimtegea kambare tembe ya chakula karibu na kioo, na alipofungua kinywa akapima upana wake kwa rula. Kisha akapima kimo cha mwili wa samaki mdogo kuliko wote. Mdomo ulikuwa mwembamba zaidi. Kambare akaingia.

Hata hivyo hakutegemea kipimo peke yake. Upande wa kushoto alipanga mawe yenye nafasi ambazo samaki mdogo angepita na mkubwa asingepita. Nyuma alipanda majani mengi hadi yakawa kichaka. Upande wa kulia, mbali kabisa, aliweka kipande cha bomba ili kambare apate pango lake na asiwe na sababu ya kuzurura. Jioni alimlisha huyo kwanza, akamshibisha, ndipo akazima taa ya tangi. Kila alichofanya kilikuwa sahihi. Kipimo cha mdomo nacho kilikuwa sahihi siku ile kilipochukuliwa. Kazini kwake, jibu likishatiwa sahihi, damu iliyopimwa hubaki kwenye jokofu na haibadiliki tena. Hakurudia kupima.

Asubuhi, binti akiwa kazini, Mkaguzi alikaa na dada yake. Shangazi huyo alikuja na kikapu cha kusuka na maneno yasiyokwisha, akazungumza na kaka yake kana kwamba anajibiwa. Yeye ndiye aliyempa kambare jina la Mheshimiwa.

"Kutwa kalala," alisema. "Akiamka ni kufungua mdomo. Nimeshawaona wa aina yake kwenye televisheni, wamevaa tai."

Mkaguzi alicheka kwa upande mmoja wa uso.

Mheshimiwa alikua. Alikua taratibu, ndani ya bomba, ambamo ulionekana mkia tu na sharubu. Kambare hutafuta chakula gizani, kwa kupapasa. Na samaki wadogo gizani hutulia karibu na chini, hawaoni kinachokuja. Mdomo ulipofikia kimo cha yule mdogo kuliko wote, alimezwa. Hakukuwa na damu, wala mapezi yaliyochanika, wala mzoga wa kukuta asubuhi. Samaki akimezwa mzima haachi kitu.

Mkaguzi alisimama kwenye ishirini na tatu.

"Mmoja amekukimbia, Mzee," mtaalamu alisema. "Tujaribu tena."

"Hapana, bwana," alisema Mkaguzi.

Alirudia, akasimama palepale. Mtaalamu aliona mzee amechoka. Wiki zilizofuata alisimama kwenye ishirini na moja, kisha kumi na tisa. Kila alipomaliza alinyoosha kidole kwenye bomba, akasema "hapana, bwana" kwa nguvu iliyomtoa mate. Walimletea maji. Walimgeuza kiti. Siku moja binti aliliondoa bomba, akalisugua ukungu na kulirudisha, kwa kuwa alidhani uchafu ndio unaomkera. Mheshimiwa alimsubiri chini ya majani, kisha akarudi ndani taratibu.

Shangazi ndiye aliyekaribia zaidi kuuliza.

"Mwanangu, mbona tangi limepooza hivi? Wenzake Mheshimiwa wamekwenda likizo?"

"Wamejificha, Shangazi. Wadogo wakikaa na mkubwa hujificha. Ndiyo maana nikaweka mawe."

"Na kaka yangu anasema kumi na tisa."

"Anahesabu anaowaona."

"Haya. Mimi naona mawe tu, basi sisi wote wagonjwa."

Binti alicheka. Hakudharau swali, alikuwa na jibu lake. Kadiri alivyowatengenezea maficho mazuri ndivyo kutoonekana kwao kulivyozidi kuwa jambo la kawaida. Tena palikuwa na dalili nyingine iliyomtuliza: Mheshimiwa alikuwa ameanza kuziacha tembe zake. Zilibaki chini hadi asubuhi zikavimba. Binti alizinyonya kwa mpira wa maji, akajiambia kwamba samaki asiye na njaa hana sababu ya kuwinda. Hakujiuliza alishibia wapi.

Mtaalamu aliwaambia ukweli kama alivyouona. Alikaa ukingoni mwa kochi, mikono juu ya magoti.

"Namba zinashuka," alisema. "Sitaki kuwaficha. Inawezekana kuna kiharusi kidogo kingine kimepita kimyakimya. Au ni mwanzo wa kusahau."

Kaka alikuwepo. Alikohoa, akatazama dirisha.

"Mdogo wangu, unajua nilichokuwa nasema."

Binti alijua. Kaka alikuwa amepata nyumba ya kutunzia wazee, safi, yenye wauguzi usiku na mchana, nje ya mji. Alikuwa amempeleka baba yao kuiona. Mkaguzi aliitazama ile korido, safu ya viti, watu wanane mbele ya televisheni moja, akasema "hapana, bwana" tangu mlangoni hadi walipomrudisha garini.

"Alikataa," binti alisema.

"Alisema maneno aliyonayo. Ukimpa chai anasema hapana bwana, na anakunywa."

"Akikataa kweli unamwona."

"Wewe unamwona. Mimi namwona mtu anayekaa peke yake na shangazi mwenye magoti mabovu, anguko moja tu tumemzika. Na wewe je? Una miaka mingapi, unalala kwenye chumba cha utotoni?"

"Usinihesabie miaka, Kaka."

"Sikuhesabii. Nauliza tu."

Shangazi, aliyekuwa anasikiliza kutoka jikoni, alisema kwa sauti kwamba magoti yake yanamsikia.

Walikubaliana jambo la haki. Wangemwita daktari wa ubongo, mtu asiyewajua, aseme kama Mkaguzi anaelewa anachoulizwa. Akisema anaelewa, kukataa kwake ni kukataa, na atabaki nyumbani kwake. Akisema haelewi, atahamia kule, na hakuna atakayemlaumu mwenzake. Kaka alitoa mkono. Binti aliupokea.

Hapo ndipo binti alipoanza kumfundisha baba yake.

Haikuwa hila machoni pake. Aliamini samaki ni ishirini na wanne, wamejificha, na kwamba baba yake anapotea njiani. Kwa hiyo kila alasiri, akirudi kazini, alivuta kigoda karibu na kiti cha magurudumu.

"Haya, Baba. Tuhesabu."

Mkaguzi alihesabu, akasimama kwenye kumi na nne.

"Halafu?"

Alimtazama.

"Kumi na nne, halafu? Endelea, Baba. Wengine wako nyuma ya mawe. Unawajua."

"Hapana, bwana."

"Wapo. Niamini. Kumi na nne..."

Neno "halafu" lilitosha. Namba za mbele zilikuwa zimeshajipanga mdomoni mwake na kilichohitajika ni kusukuma kidogo. Ya kumi na tano ikatoka, ikavuta ya kumi na sita, hadi ishirini na nne, na hapo binti alimkamata mkono akaubusu. "Umeona? Unaweza." Mkaguzi alikuwa amegeuza uso ukutani.

Siku za mwanzo alipigana. Alifunga mdomo. Siku moja aliyapiga maji ya tangi kwa kiganja hadi yakamwagika, na binti akafuta sakafu akilia kwa sababu aliona ugonjwa unageuka kuwa ukali. Alimweleza waziwazi kilichokuwa mezani: kwamba daktari anakuja, kwamba hesabu hii ndiyo itakayomweka nyumbani. Alikuwa na desturi ya kumweleza kila kitu, kama mtu mwenye akili zake. Na kwa kuwa alikuwa na akili zake, Mkaguzi alielewa. Alimtazama binti yake muda mrefu. Kesho yake alifika kumi na moja, akasimama, akamtazama usoni, na kabla hajaambiwa "halafu" akaendelea hadi ishirini na nne.

Tangu hapo hakukosea tena. Kaka alipopigiwa simu alisema kwamba kama ni hivyo, ni habari njema, na alisema hivyo kwa moyo.

Daktari wa ubongo alikuwa mwanamume mfupi, mtulivu, aliyevua viatu mlangoni bila kuombwa. Alikuja asubuhi ya siku ya mapumziko, na wote walikuwepo. Aliomba wakae nyuma ya mgonjwa, lakini sebule ilikuwa ndogo na kiti cha magurudumu kilitazama tangi, hivyo binti alikaa ubavuni, karibu na bomba.

Daktari alimgusa Mkaguzi magoti na viganja. Alimwomba anyooshe kidole kwenye mlango, kwenye dirisha, kwenye mtu mwenye miwani. Yote yakaenda sawa. Kaka alianza kutikisa mguu.

"Nimeambiwa unahesabu samaki," daktari alisema. "Nisaidie. Wako wangapi humu?"

Mkaguzi aliinua kidole. Moja, pembeni mwa mawe. Mbili, juu, karibu na kichujio. Tatu na nne, pamoja, kwenye majani. Kidole kilisimama. Kichujio kilibubujika.

Kisha aligeuza kichwa akamtazama binti yake.

Binti alikuwa ameahidi kutomsaidia. Lakini uso wake ulikuwa umejaa hofu, kwa kuwa alikuwa amesikia "nne". Baba yake aliusoma uso huo. Akageukia tangi tena na kuendelea, kidole kikielekeza majini pasipokuwa na kitu: tano, sita, saba. Alihesabu mawe na majani na povu, kwa sauti safi, hadi ishirini na nne. Akashusha mkono.

"Ishirini na nne," kaka alisema kwa mshangao mwema. "Ni wenyewe."

Daktari aliinama. Alikuwa mtu wa kukagua anachoambiwa. Alizunguka tangi pande zote, akachungulia nyuma ya mawe kwa tochi ndogo aliyoitumia kutazama macho ya watu.

"Mimi naona wanne," alisema. "Na huyo mkubwa."

"Wengine wamejificha," binti alisema.

"Wapi?"

Binti alikunja mkono wa gauni, akauzamisha mkono hadi begani. Aliinua jiwe la kwanza, la pili, la tatu, akayaweka juu ya zulia yakitiririka maji. Aling'oa majani kwa mafungu. Maji yalichafuka, kisha yakatulia. Samaki wadogo wanne walibanana kwenye pembe. Mheshimiwa alikuwa ametolewa nje ya bomba na vurugu hiyo, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi walimwona mzima. Alikuwa mrefu kuliko mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi kifundo. Alifungua kinywa na kukifumba. Hakuhitaji kupimwa.

"Alikuwa anahesabu sawa," binti alisema. Mkono ulikuwa unamtiririka juu ya gauni. "Muda wote. Ishirini na tatu, ishirini na moja, kumi na tisa. Hazikupanda hata mara moja. Mtu aliyechanganyikiwa anakosea juu na chini. Yeye alishuka tu. Ningeliona hili kazini ningelijua palepale."

"Lakini sasa hivi amesema ishirini na nne," kaka alisema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anajaribu kuelewa.

"Nilimfundisha mimi."

"Ulimfundisha aseme uongo?"

"Nilidhani ni kweli."

Shangazi alikaa chini taratibu. Daktari alifuta tochi kwa leso, akafikiri.

"Ninakuamini," alisema. "Alifika nne akasimama. Nilimwona. Alijua. Halafu akakutazama wewe, akaendelea. Shida yangu ni hiyo. Sikuulizwa kama anaona. Nimeulizwa kama ninaweza kuliamini jibu lake. Akiulizwa anataka kukaa wapi, atajibu analotaka yeye, au atautazama uso wa mtu aliye karibu?"

"Mwulize."

Daktari alichuchumaa mbele ya kiti. "Mzee, unataka kubaki hapa nyumbani?"

Mkaguzi alimtazama daktari. Kisha, taratibu, alimtazama binti yake, aliyekuwa analia, na uso wa binti haukumwambia kitu alichoweza kukielewa. Akamtazama mwanawe. Alifungua mdomo.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu."

Aliendelea. Hakuna aliyemwambia asimame.

Nyumba ya kutunzia wazee ni safi, kama kaka alivyosema. Wauguzi wanamgeuza kitandani kwa wakati na ngozi yake haijachubuka. Binti huenda kila siku ya mapumziko na kukaa naye koridoni. Mtaalamu bado anakuja, ingawa siku hizi Mkaguzi hahesabu kitu. Akiombwa aanze, humtazama mwombaji na kungoja.

"Unalala vizuri, Baba?"

"Ndiyo."

"Usiku kuna baridi?"

"Ndiyo."

"Au joto?"

"Ndiyo," anasema Mkaguzi, macho yake usoni mwa binti, akiangalia kama amepata jibu.